Kemia ya tope hubadilika ndani ya milimita moja

Vitabu vingi vinavyoeleza mambo ya chini ya ziwa au bahari vina mchoro uleule. Juu kuna maji. Chini yake kuna tabaka jembamba la kahawia lenye oksijeni, likifuatiwa na la naitreti, la manganizi, la chuma, la salfeti, na chini kabisa la methani. Mistari yote imepigwa kwa rula. Mchoro huo si uongo, ila ni wastani, na wastani huo umeficha jambo lenyewe. Tope la pwani likipimwa kwa chombo chenye ncha nyembamba kuliko unywele, mistari iliyonyooka haipatikani. Kinachoonekana ni viraka: hapa oksijeni ipo, nusu sentimita pembeni haipo, chini yake ipo tena.

Tuutendee haki mchoro kwanza. Mwani uliokufa, majani na vinyesi vya wanyama wadogo huzama na kuwa chakula cha bakteria. Ili wapate nishati, bakteria wanahitaji kitu cha kupokea elektroni zinazotoka kwenye chakula hicho, kama sisi tunavyoitumia oksijeni tunayovuta. Oksijeni ndiyo inayolipa zaidi, kwa hiyo hutumika kwanza. Ikiisha, wanashika nafasi wanaotumia naitreti, kisha wa oksaidi za manganizi, kisha wa oksaidi za chuma (kutu, kwa lugha nyepesi), kisha wa salfeti, na mwisho kabisa wanaotengeneza methani. Mfuatano huu ulipata umbo lake maarufu mwaka 1979, Philip Froelich na wenzake walipochapisha vipimo vya mashapo (tope na mchanga uliotuama chini ya maji) ya kina kirefu cha Bahari ya Atlantiki, upande wa mashariki karibu na ikweta. Mahali hapo pana umuhimu wake, na tutapagusa tena mbele.

Kwa nini basi mambo yabadilike ndani ya milimita? Jibu liko kwenye fizikia zaidi kuliko biolojia. Oksijeni imebanwa na mambo mawili. La kwanza ni uchache wake majini: lita moja ya maji yasiyo na chumvi, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, hubeba kama miligramu 8 tu za oksijeni, wakati lita moja ya hewa ina zaidi ya 270. La pili ni mwendo. Ndani ya tope laini maji karibu hayatembei, kwa hiyo molekuli zinabaki na msambao peke yake: kugongana, kugeuka, kugongana tena, bila mwelekeo wowote. Muda wa mwendo wa aina hii haukui sambamba na umbali, bali na umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Sehemu ya kumi ya milimita huvukwa kwa sekunde mbili na nusu hivi. Milimita 1 huchukua kama dakika 4. Sentimita 1, saa 7. Sentimita 10, karibu mwezi mzima. Mita 1, karibu miaka 8. Na hayo ni majini matupu. Ndani ya tope njia zinapinda kuzunguka chembe, na muda unazidi kurefuka.

Mtu akizikubali namba hizo, sehemu kubwa ya mada hii imeshakaa sawa kichwani. Bakteria wawili walioachana kwa nusu milimita ni majirani: taka za mmoja zinamfikia mwenzake kwa dakika moja. Wakiachana kwa sentimita 10, hawana habari za leo wala za jana. Kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya tope la kawaida ina bakteria wanaokaribia bilioni, wote wakila, oksijeni inayoingia kutoka juu huliwa kabla haijafika mbali. Pwani huishia milimita chache tu, na penye chakula kingi haifiki hata milimita moja.

Hili lisingejulikana kwa kukata tope vipande. Lilihitaji vihisi vidogo sana, na aliyevifanya vitumike kwenye mashapo ni Niels Peter Revsbech wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Kihisi cha aina hii ni mrija wa kioo uliovutwa kwenye moto mpaka ncha yake ikabaki na upana wa maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) chache. Ndani mna elektrodi, na mdomoni pameshikizwa utando wa silikoni unaopitisha oksijeni. Kinafungwa kwenye mkono wa chuma unaosukumwa na mota, kisha kinashushwa maikromita 100 kila hatua. Kikiwa bado majini, namba kwenye skrini imetulia. Halafu, kabla ncha haijaligusa tope, namba inaanza kuporomoka. Juu ya kila tope kuna utando wa maji yaliyotulia, unene wake karibu nusu milimita, ambamo hata mkondo ulio juu yake hauingii, na oksijeni lazima iuvuke kwa msambao. Kwa hiyo sehemu ya upungufu hutokea nje ya tope lenyewe. Hatua ishirini zaidi, na namba inasoma sifuri.

Kisha kihisi kinavutwa, kinasogezwa sentimita 2 pembeni, na kazi inarudiwa. Safari hii sifuri inapatikana kwenye milimita 1. Au 4. Au inapatikana, halafu chini yake oksijeni inachomoza upya, inapanda, na kutoweka tena. Anayekutana na mchoro wa namna hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kihisi kimeharibika (na mara nyingine kweli kimeharibika, vitu hivi vinavunjika kwa urahisi wa kukera). Lakini ukikata tope hilo pale pale, unakuta sababu: ncha ilipita kwenye shimo la mnyoo.

Mashimo hayo yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Chukua shimo lenye upana wa milimita 2 linalozama sentimita 8 ndani ya tope jeusi. Weusi huo ni madini ya chuma na salfa, dalili kwamba hakuna oksijeni. Ukuta wa shimo, hata hivyo, una pete ya rangi ya kutu yenye unene wa milimita 1 au 2, kwa sababu mnyoo hutikisa mwili wake na kusukuma maji mapya kutoka juu. Ukihesabu kwa kina, pete hiyo iko kwenye "tabaka la salfeti". Ukihesabu kwa umbali kutoka kwenye maji yenye oksijeni, iko juu kabisa. Tope hujibu umbali wa pili. Tena mnyoo hasukumi muda wote: anapumzika kwa dakika kadhaa, na oksijeni ya ukutani inaisha, kisha anaanza tena na inarudi. Bakteria wanaoishi hapo wanapitia mabadiliko ambayo wenzao wa sentimita moja pembeni hawayaoni kamwe. Mwaka 1980 Robert Aller alionyesha kwa hesabu kwamba tope lenye mashimo hueleweka vizuri zaidi likichukuliwa kuwa mkusanyiko wa silinda zilizosimama, kila moja na shimo katikati, kuliko kama karatasi zilizolazwa moja juu ya nyingine. Umbo likibadilishwa hivyo, viwango vya amoniamu (naitrojeni inayoachiwa chakula kinapooza) vilivyokuwa vidogo kuliko mategemeo vinaelezeka: amoniamu ilikuwa ikitoroka kwa pembeni, kuelekea kwenye shimo.

Viraka vingine havihitaji mnyama. Mwaka 1977 Bo Barker Jørgensen alieleza jinsi bakteria wanaotumia salfeti, ambao hawafanyi kazi hiyo mbele ya oksijeni, wanavyoweza kuwa kazini ndani ya tabaka lenye oksijeni. Maelezo yake yalikuwa vijipande: kinyesi, bonge la mwani, kipande cha mnyama aliyekufa. Kijipande kilichojaa chakula kina bakteria wengi ndani, na oksijeni inaweza kuingia kwa kupitia uso wake tu. Kadiri kinavyokuwa kikubwa, walaji walio ndani wanaongezeka haraka kuliko uso unaowalisha. Kufikia ukubwa fulani, katikati panakosa oksijeni hata kama nje imejaa. Salfaidi, yaani kile ambacho bakteria hao hugeuza salfeti kuwa, inayotengenezwa humo huliwa ikiwa njiani kutoka, kwa hiyo anayepima maji yanayozunguka kijipande haoni dalili yoyote. Mchakato mzima unaanza na kuisha ndani ya punje.

Sasa lije swali la haki: haya yote yana uzito gani, kama mwisho wa siku tunataka tu kujua jumla? Naitrojeni ndiyo inayojibu vizuri zaidi. Tope huondoa naitrojeni majini kwa hatua mbili zinazochukiana. Hatua ya kwanza hugeuza amoniamu kuwa naitreti, na haifanyiki bila oksijeni. Ya pili hugeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi angani, na huzuiwa na oksijeni. Ukichanganya tope lote pamoja na kupata wastani mmoja wa oksijeni, hakuna namba utakayochagua ambayo itaziridhisha zote mbili. Zikipangwa bega kwa bega, moja upande huu wa mpaka na nyingine upande ule, naitreti inavuka kwa dakika chache na kazi inakwenda. Zikiachana kwa sentimita 10, naitreti ingehitaji mwezi. Kwa hiyo kinachoamua kiasi cha naitrojeni inayoondolewa ni ukubwa wa mpaka wenyewe, jumla ya eneo ambalo penye oksijeni panagusana na pasipo nayo. Kila shimo la mnyoo, kila mzizi wa nyasi bahari unaovujisha oksijeni kutoka kwenye ncha yake, huongeza eneo hilo. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na mazoea ya kuuita utofauti huu "kelele" ya vipimo. Ukiondoa kelele hiyo, umeiondoa na shughuli.

Wapo bakteria ambao wametafuta njia ya kukwepa kanuni ya msambao. Pwani ya Namibia kuna Thiomargarita namibiensis, aliyeelezwa rasmi mwaka 1999, ambaye seli yake moja hufikia milimita 0.75 na huonekana kwa macho matupu. Sehemu kubwa ya mwili wake ni ghala la naitreti. Anajaza ghala tope linapotibuliwa na kuguswa na maji ya juu, kisha anakaa kwenye salfaidi akitumia akiba kwa muda mrefu. Yeye amekwepa umbali kwa kuweka akiba.

Wengine wameukwepa kwa umeme. Mwaka 2010 Lars Peter Nielsen na wenzake wa Aarhus waliripoti kwamba salfaidi ilikuwa ikitoweka zaidi ya sentimita moja chini ya mahali oksijeni inapoishia, na kwamba mambo ya juu yakibadilishwa, ya chini yalijibu haraka kuliko molekuli yoyote inavyoweza kusafiri. Mwaka 2012 wahusika walitambuliwa: bakteria wenye umbo la nyuzi, maelfu ya seli zilizoungana mstari mmoja, zikipitisha elektroni kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Seli za chini hula salfaidi. Seli za juu, chache tu, zinashika oksijeni kwa niaba ya wote. Katikati kunabaki ukanda usio na oksijeni wala salfaidi, ambao mchoro wa kawaida usingeweza kuutabiri. Kihisi cha asidi kinaonyesha alama yao waziwazi: pH inapanda juu, kwenye oksijeni, na inashuka chini, ambako asidi inayozalishwa huyeyusha madini ya chuma na chokaa. Wakati mmoja, kwenye sentimita mbili za tope, seli za uzi mmoja zinaishi katika mazingira mawili ya kemia yanayopingana.

Muda nao huchora viraka. Penye mwanga wa kutosha, mwani mdogo juu ya tope hutengeneza oksijeni kwa usanisinuru mpaka mapovu yatokee, na oksijeni inazama milimita kadhaa. Jua likizama, ndani ya dakika tabaka hilo linapungua na kubaki sehemu ndogo. Sampuli ya mchana na ya usiku, zilizochukuliwa sehemu ileile, zinaweza kuonekana kama za maziwa mawili tofauti.

Mchanga una sheria zake, na hapa nitapita haraka. Maji hupenya kati ya punje, yakisukumwa na mkondo unaogonga vijituta vya mchanga, kwa hiyo oksijeni huingia sentimita kadhaa upande mmoja wa kijituta na maji yasiyo nayo hutoka upande mwingine. Mawimbi yakihamisha kijituta, ramani nzima inahama nacho. Hata punje moja si sare: watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Mikrobiolojia ya Bahari, Bremen, walionyesha mwaka 2018 kwamba punje moja ya mchanga hubeba bakteria kati ya 10,000 na 100,000, na wamejibanza kwenye nyufa na vishimo vya punje. Sehemu zilizochomoza, zinazosuguana na punje nyingine, ziko karibu tupu.

Shida kubwa iko kwenye kupima. Njia ya kawaida ni kuzamisha bomba, kuvuta nguzo ya tope, kuikata vipande vya sentimita moja, kisha kukamua maji ya kila kipande. Kama oksijeni inaishia milimita 2, kipande cha kwanza peke yake kimemeza tabaka zima la oksijeni, la naitreti, na huenda sehemu ya la chuma. Ni kama kuloweka gazeti zima ndani ya ndoo, kulikoroga mpaka likawa uji, kisha kuuliza ukurasa wa kwanza ulisemaje. Nguzo mbili zilizovutwa hatua moja kutoka nyingine zikitoa majibu tofauti, lawama huangukia maabara, ingawa mara nyingi maabara haina kosa.

Zana za kuona ramani badala ya mstari zipo. Mwaka 1991 William Davison na wenzake, Uingereza, walichomeka karatasi nyembamba ya jeli ndani ya mashapo ya ziwa, wakaiacha ilingane na maji yanayoizunguka, kisha wakaipima chuma kwa hatua zilizo ndogo kuliko milimita. Mwaka 1994 Davison na Hao Zhang walikuja na jeli yenye tabaka la kunasa metali, inayopima kasi ya tope kuachia metali badala ya kiasi kilichomo tu. Kuanzia mwaka 1996 Ronnie Glud na wenzake walitumia filamu zinazong'aa kulingana na oksijeni: filamu inabandikwa kwenye kioo, kamera inapiga picha, na mashimo, mizizi na vijipande vinaonekana vyote kwa pamoja. Kila zana ina upofu wake. Kihisi cha sindano kinaona kwa usahihi, lakini nukta moja tu kwa wakati. Filamu inaona eneo, ila ni lile tu lililobanwa kwenye kioo, na kioo ni ukuta ambao minyoo hupenda kuufuata. Jeli inayonasa hunyonya metali kutoka kwenye tope, hivyo inabadilisha kile inachokipima. Anayechapisha namba bila kusema ilitoka kwenye milimita ngapi amesema nusu ya habari.

Kuna jaribio moja linaloonyesha ukubwa wa pengo hili bila hesabu ngumu. Weka kisanduku kilichofunikwa juu ya tope, pima oksijeni inavyopungua ndani yake. Hiyo ni jumla ya matumizi, wanyama na mashimo yao wakiwemo. Kisha pima kwa kihisi cha sindano mahali palipotulia na ukokotoe matumizi kutokana na mteremko wa oksijeni. Pwani, jibu la kisanduku kwa kawaida huwa kubwa zaidi, wakati mwingine maradufu au zaidi. Kwenye kina kirefu cha bahari majibu mawili hukaribiana.

Hapo ndipo Atlantiki ya mwaka 1979 inapoeleza mengi. Mfuatano maarufu ulipimwa kwenye mashapo ya bahari ya mbali, ambako chakula kinachofika chini ni kidogo, wanyama wa kuchimba ni wachache, na kila hatua ina nafasi ya kutandazika kwa sentimita nyingi. Kwenye eneo lenye chakula kichache kuliko yote la Pasifiki ya Kusini, oksijeni hupenya mashapo yote hadi kwenye mwamba, makumi ya mita. Huko rula inafaa. Tatizo lilianza mchoro ulipohamishiwa kwenye tope la pwani na la maziwa, ambako hatua zote sita zimebanwa ndani ya kiganja na minyoo wanazikoroga kila saa.

Anayelipia zaidi uhamisho huo pengine ni yule anayepima uchafuzi. Metali kama kadimiamu, risasi na shaba hushikwa na salfaidi kwenye tope jeusi na kuwa ngumu kuingia mwilini mwa viumbe. Kwa hiyo kuna kipimo kinachotumika sana: tope hutiwa asidi, salfaidi inayotoka hulinganishwa na metali zinazotoka pamoja nayo, na salfaidi ikizidi, tope huhesabiwa kuwa metali zake zimefungwa. Kwa kipande kilichokorogwa, hesabu hiyo ni sahihi. Ila mnyoo haishi kwenye kipande kilichokorogwa. Anaishi ndani ya pete ya kutu aliyoitengeneza mwenyewe, ambako oksijeni imeshaichoma salfaidi na metali zimehamia kwenye oksaidi za chuma au majini, na maji hayo ndiyo anayoyasukuma mchana kutwa juu ya matamvua yake. Sampuli inaweza kuwa na salfaidi ya ziada huku ukuta wa shimo ukiwa hauna hata kidogo. Ukuta unaweza kukwanguliwa na kupimwa peke yake. Ni kazi ya kijiko kidogo na subira, na sentimita ya kwanza ya tope nayo inaweza kukatwa vipande vya milimita 2 badala ya kimoja. Gharama ya maabara inapanda mara tano, na hiyo ndiyo sababu halisi inayofanya wengi waendelee kukoroga.